Umeuziwa kitu kibovu, au kitu cha hatari? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Mtu akigundua kitu alichonunua kina kasoro mara nyingi anafanya moja kati ya mawili, ama anakaa kimya anasema basi hela imeshaenda, ama anakimbilia dukani akiwa na jazba, anagombana na kijana wa kaunta ambaye hata hana mamlaka ya kubadilisha peni, kisha anarudi nyumbani na kitu chake kile kile. Njia zote mbili zinamfurahisha muuzaji. Haki unayo, nchi nyingi zimeshaiandika kwenye sheria, ila haki ya mnunuzi inataka ushahidi na inataka kuwahi, na hivyo vyote vinaanza kabla hata hujatoa hela mfukoni.

Sasa kabla ya hatua zenyewe kuna jambo moja nataka tuelewane, manake likikupita hapa huko mbele kote utakosea njia.

Kibovu na cha hatari ni vitu viwili tofauti

Blenda inayopiga kelele na kusaga nusu nusu ni mbovu. Blenda inayokupiga shoti ukigusa jagi ni ya hatari. Kiatu kilichoachia soli wiki ya pili ni kibovu, helmeti iliyopasuka kwa kudondoka tu toka mezani ni ya hatari. Krimu isiyoleta matokeo iliyoahidi ni mbovu, lakini krimu ya kung'arisha ngozi yenye zebaki ni ya hatari hata kama inafanya kazi, tena wengi wanaizidisha kwa sababu inafanya kazi, huku figo zinaumia taratibu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kitu kibovu ni kesi yako na muuzaji, mkimalizana nyie wawili imeisha. Kitu cha hatari kina watu wengine nyuma yake, kuna wenzako wamekinunua jana na kuna wengine watakinunua kesho toka rafu ile ile. Ukikirudisha kimya kimya ukapewa hela yako ukaondoka, kuna uwezekano mkubwa kikafutwa vumbi, kikarudishwa kwenye boksi kikauzwa tena. Kwa hiyo kila hatua hapa chini jiulize hilo swali kwanza, ni kibovu au ni cha hatari.

Hatua ya 1: Soma kitu kabla hujalipa

Hapa ndo pa kutumia muda mrefu kuliko pengine popote, na ndipo watu wengi tunapopita mbio.

Anza na lebo. Bidhaa inayojiheshimu ina jina la mtengenezaji na anwani inayoeleweka, siyo tu nchi ilikotoka. Ina namba ya bechi, yaani ile namba inayoonyesha imetengenezwa kwenye mkupuo gani, na hiyo namba ndiyo itakayokuja kukusaidia ukitaka kujua kama bidhaa yako iko kwenye zile zilizotangazwa kuondolewa sokoni. Ina maelekezo na onyo kwa lugha unayoisoma. Kama dawa au kipodozi kimeandikwa kwa lugha moja tu ambayo hapo dukani hakuna anayeijua, hata muuzaji mwenyewe, sasa utajuaje matumizi yake? Acha.

Tarehe. Kwenye chakula kuna tarehe za aina mbili na watu wanazichanganya sana. Ile ya "use by" ni ya usalama, ikipita usile hata kama kinanukia vizuri. Ile ya "best before" ni ya ubora, ikipita ladha au ukakamavu unaweza kupungua lakini si lazima kiwe sumu. Kwenye dawa hakuna mjadala, ikishapita basi. Angalia pia kama tarehe imefutwa ikapigwa mpya juu yake, pitisha kidole, stika iliyobandikwa juu ya tarehe ya zamani utaisikia. Vipodozi vina alama ya kikopo kilichofunguka kifuniko na ndani imeandikwa mfano 6M au 12M, maana yake miezi ya kutumia tangu ulipofungua, siyo tangu uliponunua.

Tairi nazo zina umri. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT, mwisho wa mfululizo wake kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319 hiyo imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa hiyo yule anayekwambia "mpya kabisa hii bosi" anaweza kuwa anasema kweli kwamba haijatumika lakini imekaa stoo miaka na raba inazeeka hata bila kutembea.

Sili, yaani ule mfuniko au plastiki inayoonyesha kama kitu kimeshafunguliwa, siyo pambo. Mwaka 1982 eneo la Chicago watu 7 walikufa baada ya mtu asiyejulikana kutia sianidi kwenye vidonge vya dawa ya maumivu ya Tylenol vilivyokuwa madukani, kampuni ikaondoa sokoni chupa kama milioni 31, na toka hapo ndo vifungashio vinavyoonyesha vimechezewa vikawa lazima kwa dawa za aina hiyo Marekani, na sehemu nyingine duniani zikafuata. Kwa hiyo sili ikiwa imekatika usiambiwe "ni usafirishaji tu". Chagua nyingine. Na kopo la chakula lililovimba usilionje hata kidogo kujaribu, linaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu kali isiyo na harufu wala ladha.

Alama za ubora sasa, hapa kuna uongo mwingi mtaani.

Alama ya CE kwa bidhaa nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata masharti ya Umoja wa Ulaya, siyo cheti kwamba kuna mtu huru ameipima. Cheti cha ISO 9001 kinahusu namna kampuni inavyoendesha kazi zake, hakisemi kwamba hiyo pasi uliyoshika ni salama. Na zile tarakimu za mwanzo za bakodi hazikwambii kitu kimetengenezwa nchi gani, zinaonyesha tu kampuni ilisajili namba zake kwa tawi la nchi gani la GS1, shirika linalogawa namba za bakodi. Kuna meseji zinazunguka kila mwaka kuhusu hizo tarakimu, zipotezee. Alama yenye maana kwako ni ile ya shirika la viwango la nchi yako, na isiishie kuiona tu kwa macho, manake kuchapa nembo ni kazi rahisi. Mashirika mengi siku hizi yana tovuti au namba ya meseji ya kuhakiki namba ya kibali, ihakiki ukiwa hapo hapo dukani.

Vitu vya umeme: kifaa chenye bodi ya chuma kisichokuwa na pini ya athi, wala alama ya mraba ndani ya mraba inayomaanisha kina insuleshen mbili, kiache. Chaja nyepesi kuliko kawaida, yenye maandishi yaliyokosewa herufi, iache pia, uzito ule uliopungua unaweza kuwa ni vipande vya usalama ambavyo havikuwekwa ndani.

Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo, midoli yenye vipande vidogo vinavyochomoka haimfai mwenye umri chini ya miaka 3, kuna alama ya uso wa mtoto umekatwa na mstari na imeandikwa 0-3. Mbaya kuliko zote ni zile betri ndogo bapa za duara zinazowekwa kwenye rimoti, midoli ya kuimba na kadi za muziki. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2 tu. Kifuniko cha betri kwenye mdoli kiwe na skrubu, kama kinafunguka kwa kucha usinunue.

Hatua ya 2: Tengeneza ushahidi wakati wa kulipa

Risiti. Najua umeshaambiwa mara nyingi, ila risiti inayoandika "bidhaa mbalimbali" haikusaidii kitu, dai iandikwe jina la kitu, modeli, tarehe na jina la duka. Zile za karatasi laini ya mashine maandishi yake yanafutika kwa joto, ukiisahau kwenye pochi baada ya miezi mitatu unabaki na karatasi nyeupe, kwa hiyo ipige picha siku hiyo hiyo. Huna risiti kabisa? Usikate tamaa, meseji ya malipo ya simu, taarifa ya benki au mazungumzo yenu ya kwenye chati vinaweza kuonyesha ulinunua kwake.

Kitu kikubwa ambacho watu hawakifanyi ni kuandika ahadi ya muuzaji. Akikwambia "hii haiingii maji hata uizamishe" au "betri inakaa siku mbili", mwambie tu kwa upole, ndugu naomba uniandikie hapo kwenye risiti. Mwenye kusema kweli ataandika. Akianza kuzunguka zunguka umeshapata jibu lako bila kutoa hela.

Kama unanunua mtandaoni piga skrinshoti ya tangazo lenyewe, picha, maelezo, bei na jina la muuzaji KABLA hujalipa, kwa sababu tangazo linaweza kufutwa au kubadilishwa usiku ule ule. Lipa kupitia njia ya jukwaa lenyewe, mtu akikwambia "nitumie nje huku nikupunguzie" jua ulinzi wote wa jukwaa unauacha mlangoni. Mzigo ukifika washa kamera ya simu uanze kurekodi ukiwa bado umefungwa, onyesha lebo ya usafirishaji, kisha fungua bila kukata video. Video ya dakika mbili inaokoa mabishano ya wiki mbili.

Hatua ya 3: Kijaribu chote, mapema

Usinunue kitu ukakiweka kabatini kikisubiri sikukuu. Muda wa haki yako unahesabika toka siku ulipokabidhiwa. Kuna sehemu dirisha la kurudisha ni fupi kweli, Uingereza kwa mfano chini ya sheria yao ya 2015 una siku 30 za kukataa moja kwa moja kitu chenye kasoro na kurudishiwa hela yote, baada ya hapo mlolongo unabadilika, muuzaji anapewa nafasi ya kutengeneza au kubadilisha kwanza. Umoja wa Ulaya unampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kughairi hata bila sababu. Nchi yako inaweza kuwa na hesabu yake, itafute ukiwa umetulia, siyo siku umeshakasirika.

Jaribu kila kitufe, kila spidi, kila tundu la chaja. Diski na flashi za bei ya ajabu zijaze mafaili mpaka mwisho kisha uyafungue moja moja, manake kuna feki zinazojitangaza zina nafasi kubwa kumbe ndani ni ndogo, zinaandika juu ya mafaili yako ya zamani na hutajua mpaka siku unayahitaji. Simu, bonyeza *#06# ulinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya kipekee ya simu, inayotokea na ile ya kwenye boksi. Boksi lenyewe usitupe.

Hatua ya 4: Kimeharibika. Acha kukitumia

Watu wanaendelea kutumia "kwa sasa" huku wanasubiri kwenda dukani, halafu muuzaji anasema mbona ulitumia mwezi mzima na kasoro yake, ulikuwa umekubali. Acha. Piga picha na video ya kasoro inavyotokea, na namba ya bechi au serial namba (namba ya kipekee ya kifaa chako) ionekane. Andika tarehe uliyogundua. Usikifungue kwa bisibisi na usipeleke kwa fundi wa jirani kwanza hata kama ni mtaalamu, ukishakigusa tu unampa muuzaji sababu ya kusema umekiharibu mwenyewe.

Kwa kitu cha hatari ruka sasa hivi mpaka hatua ya 7, nyie wengine tuendelee.

Hatua ya 5: Jua unadai kwa msingi gani

Watu wengi wakiambiwa "waranti imeisha" wanageuka kuondoka. Waranti ni ahadi ya ziada ya mtengenezaji au ya duka, anaipanga yeye na masharti yake. Juu ya hiyo, nchi nyingi zina haki ya kisheria isiyohitaji karatasi ya waranti wala kibali cha mtu. Siyo mambo ya leo, sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893 tayari ilikuwa inasema bidhaa lazima ilingane na maelezo yake na ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zikairithi. Mwaka 1962, tarehe 15 Machi, rais wa Marekani John F. Kennedy akapeleka ujumbe kwenye bunge lao akitaja haki nne za mlaji, usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa, ndiyo maana 15 Machi huwa ni Siku ya Haki za Watumiaji Duniani. Umoja wa Mataifa nao ukapitisha miongozo yake 1985, wakaipitia tena 1999 na 2015, na serikali nyingi zimetunga sheria kwa kuangalia humo.

Kwa lugha ya kawaida maswali ni matatu. Kinafanana na ulivyoelezwa? Kinafanya kazi ambayo kitu cha namna hiyo kinatakiwa kufanya, au ile kazi maalum uliyomwambia muuzaji unakitakia? Ubora wake unakubalika ukizingatia bei na aina ya kitu? Hapo kwenye bei tuwe wakweli, kitu cha bei ya chini huwezi kukidai kidumu kama cha bei ya juu mara kumi, lakini bei ya chini haiondoi haki ya usalama hata chembe. Hakuna bei ambayo mtu anaruhusiwa kukuuzia kitu cha kukuua.

Na kuna madai ambayo hayana nguvu, nakwambia mapema usijiaibishe. Umebadili mawazo tu, rangi hukuipenda ukifika nyumbani, kasoro ulionyeshwa wazi ukapunguziwa bei kwa ajili hiyo hiyo, au umekitumia kinyume na maelekezo. Dukani haya ni hisani ya muuzaji, akikubali mshukuru.

Kisha amua unachotaka. Kitengenezwe, kibadilishwe, urudishiwe hela, au ubaki nacho upunguziwe. Chagua kimoja kabla hujatoka nyumbani, mtu anayefika akisema "sasa mnanisaidiaje" anapewa kile ambacho ni rahisi kwao.

Hatua ya 6: Nenda kwa muuzaji, ila nenda na maandishi

Aliyechukua hela yako ndiye wa kwanza kujibu. Akikwambia nenda kwa mtengenezaji, mjibu kwa heshima kwamba wewe ulinunua kwake, yeye na mtengenezaji wake watamalizana.

Tafuta saa ambayo duka halina watu wengi, ulizia meneja au mwenye duka, na hata mkiongea vizuri ana kwa ana ukitoka tuma ujumbe. Mfano:

"Habari za kazi. Tarehe (andika) nilinunua kwenu (kitu, modeli, serial namba), risiti nimeambatanisha. Tarehe (andika) kimeanza (eleza kasoro kwa sentensi moja au mbili). Nimekitumia kama maelekezo yanavyosema, picha na video hizi hapa. Kwa kuwa hakifanyi kazi iliyokusudiwa naomba mnibadilishie au mnirudishie hela yangu. Naomba jibu ndani ya siku 7. Asanteni."

Basi. Hakuna matusi, hakuna "nitawapeleka mbali", hakuna historia ya maisha. Ujumbe kama huu siku moja anaweza kuusoma ofisa au hakimu, kwa hiyo uandike kama vile anausoma sasa.

Majibu utakayokutana nayo mengi ni yale yale. "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi", wanakuonyesha na kibao ukutani. Kibao kina maana kwa aliyebadili mawazo, lakini nchi nyingi haziruhusu kibao kifute haki ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu, muulize tu kwa utulivu, hata kama kilikuwa kibovu toka mwanzo? Mara nyingi sauti inashuka. "Umekiangusha wewe", mwambie akuonyeshe ilipo alama ya kuanguka na aandike hivyo kwa mkono wake, wengi hawapendi kuandika. "Tukupe vocha ya duka", hapo ni uamuzi wako, ila kama una haki ya hela hulazimiki kupokea karatasi. "Bosi hayupo, rudi wiki ijayo", sawa, nipe jina la bosi na namba, natuma ujumbe sasa hivi ukiwa unaona.

Wakikipokea kwa matengenezo, usiache kitu bila karatasi inayosema wamekipokea lini, kikiwa na hali gani na kitarudi lini. Hii wengi wameumia.

Hatua ya 7: Kama ni cha hatari

Mwili kwanza. Mtu ameshtuka na umeme, amekula kitu akaanza kutapika, ngozi imeungua na kipodozi, mpeleke hospitali na chukua kifungashio pamoja naye, daktari akisoma viambato anaokoa muda. Mtoto amemeza betri bapa, au unahisi tu amemeza, usimtapishe wala usisubiri uone, ni hospitali saa hiyo hiyo. Daktari mwambie aandike kwenye cheti kwamba tatizo linahusishwa na bidhaa gani, hiyo karatasi ni ushahidi kuliko maneno yako yote.

Pili, kitenge. Usikitupe, usimgawie mtu, na usikirudishe dukani bila kuacha kumbukumbu. Chakula kilichobaki kifunge vizuri ukiweke kwenye friza na ukiandike "USILE". Krimu ifunike. Kifaa cha umeme chomoa plagi. Betri ya simu au ya pawabenki iliyovimba usiitoboe, usiichaji, usiilalie, iweke nje ya chumba juu ya kitu kisichoshika moto kama sakafu ya zege, na usiitupe kwenye taka za kawaida, uliza sehemu wanazopokea betri chakavu. Dawa unayoishuku ni feki, bakiza na paketi yake, lakini kama ni dawa unayotumia kila siku usikae bila dawa, wahi kwa mfamasia au daktari upewe nyingine. Kwa dawa shaka ya namna hiyo siyo uzushi, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au ni feki.

Tatu, tafuta kama imeshatangazwa. Andika jina la bidhaa na modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji na ya mamlaka ya nchi yako, na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, wana ukurasa wa pamoja unaokusanya matangazo ya kuondoa bidhaa sokoni toka nchi nyingi. Ukikuta bechi yako imo, fuata maelekezo ya tangazo, kwa kawaida hata risiti hawaulizi. Na ukibadilishiwa usilale, mwaka 2016 Samsung waliita zirudishwe simu kama milioni 2.5 za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri kuwaka, wakatoa za kubadilisha, na hizo nazo zikawaka, mwisho wakasitisha simu yenyewe kabisa.

Nne, na hii ndiyo inayorukwa, toa taarifa hata kama muuzaji amekurudishia hela. Chakula, dawa na vipodozi vina mamlaka yake, vifaa na vitu vya ujenzi ni shirika la viwango, gari na tairi mara nyingi ni mamlaka ya usafiri. Hujui ni ipi? Anza na shirika la viwango au ofisi ya mlaji, watakuelekeza. Waambie jina, modeli, namba ya bechi, ulinunua wapi na lini, kilitokea nini, na kwamba kitu chenyewe unacho. Namba ya bechi ndiyo inayowawezesha kuingia stoo na kutoa mzigo wote. Kuna hatari ambayo mnunuzi hawezi kuiona kwa macho, mfano mwaka 2008 China maziwa ya watoto yalitiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili kipimo cha protini kisome juu, watoto 6 walikufa na karibu 300,000 waliugua, na mzazi jikoni hakuwa na namna ya kuyatambua. Kilichoonekana ni watoto wachanga wana mawe kwenye figo, jambo ambalo si la kawaida. Mtu mmoja akiripoti inaonekana bahati mbaya, wakiripoti ishirini wa bechi moja ofisa hana pa kujificha.

Zebaki nayo iko hivyo hivyo, mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha sehemu 1 kwa milioni kwenye vipodozi na mwaka 2023 nchi wanachama wakakubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki kufikia 2025, lakini huwezi kuipima nyumbani. Ukiona kwenye viambato maneno kama calomel, mercuric iodide au ammoniated mercury, ndo hiyo. Na ukiona kikopo hakina viambato kabisa, hilo lenyewe ni la kuripoti.

Hatua ya 8: Wakikataa

Siku 7 zimepita kimya, tuma ujumbe wa pili mfupi, ambatanisha wa kwanza, na sema wazi unaenda ofisi gani baada ya hapo. Kama ulilipa kwa kadi wapigie benki uulize kupinga muamala, kuna muda wa mwisho na hauongezwi kwa sababu ulikuwa unabembelezana na muuzaji. Kama ni jukwaa la mtandaoni fungua malalamiko ndani ya jukwaa kabla hujabonyeza "nimepokea". Kisha ofisi ya kulinda mlaji au tume ya ushindani, wengi wao hawatozi kupokea malalamiko, na mwisho mahakama ya madai madogo mahali ilipo, ambako mara nyingi huhitaji wakili. Kwa mtu aliyeumia mwili au nyumba kuungua, hapo siyo tena suala la bei ya kitu, unadai fidia ya madhara, muone wakili kabla hujasaini chochote.

Kuhusu kuposti. Posti kama unataka, ila andika kilichotokea tu, ulinunua nini, kimefanya nini, umejibiwaje. Ukiandika "wezi hawa, wauaji" kibao kinaweza kugeuka ukajikuta wewe ndo unatafutiwa wakili wa kesi ya kashfa.

Hatua ya 9: Wakati wa kumalizana

Wakikubali kulipa angalia wanachokusainisha. Kwa kitu kibovu karatasi inayosema umelipwa na huna madai tena ni sawa, soma, hesabu hela, saini, omba kopi na wewe ubaki nayo, yaani nakala yako. Kwa kitu cha hatari kuna wanaoweka sentensi kwamba ukishalipwa utaondoa taarifa uliyopeleka kwenye mamlaka au hutaongea na mtu. Hiyo sentensi ikatae, waambie waifute ndo usaini, na kama wanataka warudishiwe kitu chenyewe wapigie kwanza ofisa uliyempa taarifa umuulize kama anakihitaji kwa ajili ya vipimo, mpe na ile namba ya kumbukumbu aliyokupa siku ya kwanza ili asikuanzishe upya.